Wageni wa Mwezi wa Tatu

Kongwa ikivaa kijani, ghala huwa tupu. Kwa Mgogo jambo hilo halihitaji maelezo. Mvua zetu ni za msimu mmoja: Mungu akijalia zinaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, zinakatika Aprili, na uwele na mtama vinaanza kuvunwa Mei. Mwezi wa tatu, basi, ndio vilima vinapopendeza kuliko siku zote. Mlenda unaota hadi kwenye njia ya chooni, kunde zimejaa majani, maboga yanatambaa juu ya ua, mibuyu ina kivuli. Kinachokosekana ni unga. Mboga tele, ugali kiduchu. Mwezi wa tisa mambo hugeuka: nchi ni vumbi tupu, mibuyu imepukutika, ng'ombe wanatembezwa mbali kutafuta maji, na hapo ndipo harusi zinapofungwa, ngoma zinapolia na watoto wanapopata kipaimara, kwa kuwa nafaka iko ndani na kila mtu ana nguvu za kucheza.

Nayasema haya mapema kwa sababu wageni wetu walikuja mwezi wa tatu.

Nimekulia nyuma ya kituo kimoja cha mafungo cha kanisa, nyuma kabisa, upande wa jikoni, maana mama mdogo aliyenilea alikuwa mpishi pale. Sitakitaja jina, wanaokijua watakijua. Palikuwa na mabweni, kanisa dogo, bwalo, tangi la kukinga maji ya mvua na miarobaini mingi. Kwa sehemu kubwa ya mwaka palikuwa kimya. Wachungaji walikuja kufunga na kuomba, akina mama wa kanisa walikuja na vitenge vyao vya sare, vijana wakaja na kelele zao wakati wa likizo. Lakini msimu wenyewe hasa, ule uliokifanya kituo kipigwe chokaa upya na njia zake zipangwe mawe, ulikuwa ule wa makundi ya kujitolea kutoka ng'ambo. Kwao baridi ndiyo ilikuwa inaisha, miti inachipua, vyuo vinafunga kwa ajili ya Pasaka. Wakapanda ndege, wakatufuata.

Wazungu wa kanisa hawakuwa jambo jipya Kongwa. Chuo cha Theolojia cha Mtakatifu Filipo kina mizizi inayorudi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, kilipoitwa Huron, kwa jina la dayosisi ya Kanada iliyokisaidia kuanza. Mwaka 1927 George Chambers wa Australia aliwekwa wakfu kuwa askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Central Tanganyika, na Waaustralia wakaendelea kumfuata kwa miongo. Dayosisi ya Mpwapwa ilipozaliwa mwaka 1991, askofu wake wa kwanza akiwa Simon Chiwanga, nayo ikaja kuwa na undugu na Dayosisi ya Rochester ya Uingereza. Lakini mmisionari wa zamani alishuka na masanduku, akakaa miaka, akajifunza Kigogo, akazaa watoto hapa na wengine akawazika hapa. Wageni wa mwezi wa tatu walikaa majuma mawili. Masanduku waliyokuja nayo yalijaa kalamu, puto na dawa ya mbu, na waliporudi yalijaa vinyago walivyonunua njiani, vinyago ambavyo hakuna Mgogo anayevichonga.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa waliliomba jembe jioni ya kwanza, hawajanywa hata chai. Kiongozi wao alisimama bwaloni, akashukuru kwa mapokezi, kisha akauliza: kesho kazi inaanza saa ngapi? Wazee wa kituo walitazamana. Kwao kumpa mgeni jembe siku ya kwanza ni matusi, na kumnyima aliyeliomba nako ni matusi. Ikabidi kazi itafutwe. Kila mwaka kazi ilitafutwa. Palikuwa na ukuta wa stoo ambao uliachwa makusudi usiishe, ili wa mwaka huu wauongeze kozi kadhaa na wa mwakani waongeze nyingine.

Namkumbuka fundi wetu, mzee wa Sagara, akitembea nyuma yao na pima maji yake na timazi. Alikuwa mpole. Hakuvunja kitu walichojenga, kama wanavyopenda kusimulia watu wanaowacheka wageni wa namna hii. Alikuwa anawapa upande wa ndani, ambao utapigwa lipu, yeye anashika pembe. Ukuta ukinyooka pembeni, alisema, katikati utajifariji wenyewe. Kasisi mmoja aliyekuwa akipita alimtania kuwa anafanya kazi ya nabii Amosi, aliyeoneshwa timazi mkononi mwa Bwana. Fundi akajibu kuwa Amosi hakupewa vibarua wa chuo kikuu.

Sisi watoto tulifurahi kupita kiasi, tukalipa kwa viboko. Mwezi wa tatu na wa nne ni wakati wa kuamia ndege. Uwele ukianza kushika punje, kwelea kwelea hushuka kwa maelfu, na kundi moja likikaa asubuhi moja shamba limekwisha. Mtoto wa Kigogo anatakiwa awe juu ya dungu kabla jua halijachomoza, ana kombeo, anapiga debe, anapaza sauti mpaka koo likauke. Tuliposikia wageni wanacheza mpira na watoto nyuma ya bwalo, madungu yakabaki matupu. Picha nyingi zilipigwa siku hizo, watoto wengi wanacheka, nyuma yao kijani hadi mlimani. Katika picha hizo hakuna aliye kazini. Mgeni aliyeziona angesema watoto wa Kongwa hawana shughuli ila kusubiri wageni.

Jikoni ndiko nilikoona mengi. Makundi yalifika ndani ya Kwaresima, na wengi wao walikuwa wamefunga. Mmoja, binti mwenye sauti ya upole, alikuja jikoni kumweleza mama mdogo kwa ishara na Kiswahili cha kitabuni kwamba yeye mwaka huu amefunga chokoleti. Mama mdogo aliniita nimtafsirie. Nilikuwa na Kiingereza cha darasa la sita. Nikamwambia: mama, anasema hali chokoleti mpaka Pasaka. Mama mdogo akafikiri kidogo, akaniambia nimwambie kwamba hata sisi hatuli. Binti yule akafurahi sana, akamkumbatia.

Mama mdogo alicheka mpaka machozi yakamtoka, lakini baada ya mgeni kuondoka. Mbele ya mgeni hukucheka, na mbele ya mgeni hukusema njaa. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria. Watu wa kijijini walikuwa wanaenda kuhemea Gairo, wanarudi na debe la mahindi kichwani. Wengine walifanya vibarua vya palizi kwenye shamba la mwenye nafaka huku la kwao likimezwa na magugu, na mwaka unaofuata wakawa na njaa kwa sababu hiyo hiyo. Bibi zetu walituhadithia Mtunya, njaa ya 1918 hadi 1920, kwa sauti ya chini. Lakini bwaloni wageni walikula wali, kuku, chapati na maboga, wakatoka nje jioni kutazama vilima, wakasema kwa kweli kabisa, bila hila yoyote, kwamba nchi hii imebarikiwa.

Jioni ya mwisho walitoa ushuhuda. Mtu mmoja mmoja alisimama, mwalimu wa sekondari akatafsiri. Walisema wamejifunza furaha kwa watu wenye kidogo. Walisema wameona nchi ya rutuba na wasingeweza kuelewa kwa nini kuna umaskini hapa. Mzee mmoja wa kanisa alikohoa. Kwaya ikaimba na zeze, na ngoma za akina mama zikapigwa, tukalala. Na walikuwepo wachache walioipenda Kongwa wakarudi mwezi wa nane au wa tisa kututembelea. Hao ndio waliotulilia. Waliona vumbi, wakaona miti mikavu, wakaandika barua kwao kwamba hali imekuwa mbaya sana tangu safari iliyopita, tuombeeni. Barua hizo zilileta nguo na unga wa msaada uliotukuta ghala zimejaa na tunacheza harusi.

Wakati mwingine najiuliza kama ni ardhi yenyewe ya Kongwa inayodanganya macho. Mwaka 1946 Waingereza walituma wataalamu watatu, wakiongozwa na John Wakefield, wazunguke kutafuta mahali pa kulima karanga. Vita ilikuwa imekwisha, Uingereza haina mafuta ya kupikia. Watu hao walizunguka kwa majuma tisa, sehemu kubwa kwa ndege, wakashauri pori zaidi ya ekari milioni 3 ligeuzwe mashamba, sehemu kubwa Tanganyika. Kongwa ikawa makao ya mwanzo. Reli ya tawi ikachepuka Msagali, vifaru vya vita vikageuzwa matrekta, wanajeshi wa zamani wakaja kwa hiari yao na kuitwa jeshi la karanga. Katika mwaka wa kwanza walilenga ekari 150,000, wakafyeka 7,500. Waliona pori wakadhani halina watu kwa bahati tu. Hawakuwauliza Wagogo kwa nini hawakai pale. Mvua ilipokatika udongo mwekundu ulifunga, karanga zikakwama chini. Januari 1951 mpango ukazikwa, na paundi milioni 36 za walipa kodi wa Uingereza zikazikwa nao. Leo karanga zinalimwa Kongwa, kwa jembe la mkono na la ng'ombe, na mkulima anayeangalia mbingu kabla ya kupanda. Alizeti nazo, ambazo wakubwa wale walizijaribu pia, ndizo zinazosomesha watoto.

Walifuata wageni wengine. Majengo ya karanga yalipoachwa yakawa shule ya watoto wa Kizungu, mpaka 1958 ilipofungwa na watoto kuhamishiwa Iringa. Kuanzia 1964, penye kituo cha reli kilichotelekezwa, wakaja wapigania uhuru: FRELIMO, ANC, SWAPO na wenzao. Hao waliijua Septemba yetu na Machi yetu, walikaa miaka. Wazee wa Kongwa wana kumbukumbu nyingine kabisa wakizungumza juu yao, kumbukumbu za mashemeji.

Na kulikuwa na watu wa vikope. Tangu miaka ya themanini watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani, pamoja na madaktari na wauguzi wa Kitanzania, walizunguka vijiji vya Kongwa kuchunguza trakoma, ugonjwa uliokuwa unapofusha bibi zetu. Walinigeuza kope mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na sikuwapenda hata kidogo. Hawakuwa na puto. Lakini walikuja wakati wa jua na wakati wa mvua, wakauliza maswali ambayo hakuna mgeni mwingine aliyewahi kuuliza: maji yanachotwa wapi, kwa muda gani, na ndani ya nyumba nani anaamua yatumike kwa kazi ipi. Mwaka 1995 matokeo yao kuhusu kunawisha watoto uso yakachapishwa katika jarida la The Lancet, yakisomwa na dunia nzima, na jina la Kongwa likiwa kwenye kichwa cha habari. Nilipoliona nikiwa mtu mzima nilijisikia vibaya kidogo kwa jinsi nilivyokuwa nikiwakimbia.

Sasa nisije nikaonekana nawasimanga wale wa mwezi wa tatu, maana kuna upande ambao nimeuelewa baada ya kuwa na familia yangu mwenyewe na kupiga hesabu za unga.

Mama mdogo alikuwa analipwa kwa majuma ya wageni. Hakuwa na mshahara mwezi wa kumi wala wa kumi na mbili. Alikuwa na mshahara wa mwezi wa tatu na wa nne, miezi ambayo kijiji kizima hakikuwa na senti. Fundi wa Sagara vivyo hivyo. Mwenye kuku aliuza kuku, mwenye mayai mayai, mabinti waliofua mashuka walilipwa, mvulana wa kuni akalipwa. Ukoko na wali uliobaki ulitoka kwa mlango wa nyuma ndani ya ndoo iliyofunikwa kanga, ukaenda kwa majirani ambao hakuna aliyewataja majina. Ukuta wa stoo haukumsaidia mtu. Ule mlango wa nyuma ulivusha kaya kadhaa hadi mavuno, mwaka baada ya mwaka, na katika ripoti zilizosomwa makanisani kwao picha iliyoonekana ilikuwa ya ukuta.

Kwa nini hatukuwaambia? Adabu ya mwenyeji, ndiyo, hiyo ni sababu. Mzee aliyekohoa jioni ile angeweza kusimama akasema: ndugu zetu, kijani mnachokiona ni njaa, njooni mwezi wa saba muone utajiri wetu. Nilimuuliza mama mdogo hivi karibuni kwa nini hakusimama. Akaniangalia kama mtu aliyeuliza kitu cha kitoto. Akasema: "Angesema, wangehamisha safari. Wangekuja mwezi wa saba, wakati kila mtu ana chakula chake. Mwezi wa tatu tungekula nini, mwanangu?"

Kumbe walijua. Kikao kizima cha wazee kilijua, na fundi na ukuta wake usioisha alijua. Siku zote nilidhani ni wageni tu waliokuwa hawaelewi, na sisi tuliokuwa tunaelewa lakini tunaona haya.

Makundi yale hayaji tena kama zamani. Mabishano ndani ya Ushirika wa Anglikana ya miaka ya 2000 yalipoza urafiki fulani, corona ya 2020 ikafunga milango kwa muda, na huko kwao vijana wameanza kuulizana kama safari za namna hii zina faida kwa mwenyeji. Swali zuri. Natamani tu lingefika pia jikoni. Wachache wanaofika sasa hushuka treni ya umeme Dodoma, iliyoanza kazi 2024, hulala hotelini mjini, na gari huwaleta Kongwa asubuhi kwa lami kutoka Mbande na kuwarudisha kabla ya jioni. Zamani korongo likijaa walingoja maji yapungue, wakiimba, na sisi tukiwauzia mahindi ya kuchoma yaliyotangulia kukomaa.

Mwezi wa tatu nao si ule. Soko la Kibaigwa linakusanya mahindi ya mbali na karibu, na mtoto aliye Dar es Salaam anatuma pesa kwa simu. Hata hivyo, wengi bado wanauza gunia mwezi wa saba kwa bei ya kutupa ili walipe madeni, kisha wanalinunua tena mwezi wa pili kwa bei iliyopanda. Madungu yamepungua. Watoto wako shule, inavyopaswa kuwa, na kwelea hawajapungua.

Mimi naishi Dodoma. Pasaka iliyopita nilikwenda Kongwa na gari la rafiki, nikasimama njiani kupiga picha vilima, nikaziweka kwenye kundi la ukoo na maneno ya kusifu uzuri wa nyumbani. Binamu yangu akajibu: "Mbukwa, mgeni. Karibu sana. Umeleta puto?"

Binamu huyo ndiye mpishi wa kituo sasa, amerithi sufuria za mama yake, yule mama mdogo. Bwalo linakodishwa kwa semina. Watumishi wa umma wanakuja kutoka Dodoma mwezi wowote, hawaombi jembe, wanaomba neno la siri la waifai na risiti ya mashine. Anawapenda kwa sababu wanalipa, na anawasema kwa sababu wanaandika maoni kwenye fomu. Wamelalamika kuwa mlenda umerudiwa mara mbili kwa siku moja. Wametaka samaki wa Mtera. Semina kubwa ya mwakani imepangwa mwezi wa tatu, na mahindi yake ameshayanunua Kibaigwa tangu Julai, bei ikiwa chini, pamoja na gunia moja la ziada ambalo halimo kwenye bajeti.